Kinu Chenye Chale Mbili

Nyumbani kwa bibi yangu, nje kidogo ya mji wa Songea, palikuwa na vinu viwili. Kimoja kilikaa jikoni, kirefu, kimelainishwa na mikono ya miaka mingi. Humo tulitwanga mahindi, karanga na kisamvu. Cha pili kilikuwa kifupi na cheusi, kimefunikwa kifudifudi nyuma ya nyumba karibu na banda la kuni. Kwenye ukingo wake bibi alikuwa amekichanja chale mbili kwa panga. Hakuna mtoto aliyethubutu kukigusa. Ukikiegemea tu, sauti ilikufikia kutoka ndani: "Wewe, ondoka hapo! Hicho ni cha nyonyo."

Kazi ya nyonyo ilikula siku mbili. Matunda ya mbarika yenye miiba laini yalianikwa kwenye jamvi hadi yapasuke yenyewe juani. Mbegu zake zilipendeza macho: zinang'aa, zina madoa ya kahawia na kijivu, zimevimba kama kupe aliyeshiba damu. Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba hata Warumi waliona kupe. Jina la kisayansi la mmea huu, Ricinus, ni neno la Kilatini lenye maana ya mdudu huyohuyo. Bibi alizikaanga, akazitwanga katika kile kinu chenye chale mpaka zikawa kama uji mzito, akautia uji katika sufuria la maji na kuuchemsha kutwa nzima. Mafuta yalipanda juu taratibu, akayaengua kwa upawa, akayarudisha motoni yakiwa peke yake. "Yakilia, bado yana maji," alituambia. Yalipoacha kulia, aliyaepua. Machicha yalifukiwa shimoni, mbali na kuku na mbuzi. Kinu, mchi na upawa vilioshwa kwa maji ya moto na majivu, kisha vikarudi mahali pake nyuma ya nyumba.

Ninaanza na kinu hicho kwa sababu kila tunapojadili dawa za asili katika nchi hii, wanasikika watu wa aina mbili tu. Wa kwanza husema kila kilichotoka kwa mababu ni tiba, na kwa kuwa ni cha asili hakina madhara. Wa pili husema yote ni ushirikina, tuyaache. Bibi hakuwa upande wowote kati ya hizo. Aliyaamini mafuta yake, na aliuogopa mti wake. Aliijua dawa iliyomo ndani ya mbegu, akaijua na sumu iliyolala pembeni yake, na katika siku zile mbili za kazi alikuwa akizitenganisha. Hofu yangu ni kwamba sisi wajukuu tumerithi nusu moja tu ya elimu hiyo. Tunajua mbarika unatibu nini. Hatujui tena namna ya kuuzuia usiue.

Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo au mbono, ni kichaka cha Afrika hii yetu ya mashariki. Hauhitaji kupandwa. Huota jalalani, kando ya barabara, kwenye mahame na mipaka ya mashamba. Majani yake yamegawanyika kama vidole vya kiganja kilichofunguliwa, na maua yake hupanga foleni kwenye kikonyo kimoja, ya kiume yenye rangi ya manjano chini, ya kike yenye ncha nyekundu juu. Binadamu ameshirikiana nao kwa muda mrefu sana. Wamisri wa kale waliuandika katika hati zao za utabibu yapata miaka 3,500 iliyopita. Katika Pango la Mpakani huko Afrika Kusini, wachimbuaji waliokota kijiti chenye umri wa miaka ipatayo 24,000, na walipokipima mwaka 2012 waliona mabaki yanayofanana na ya mbegu za mbarika, wakakisia kwamba kilitumika kupakia sumu kwenye mishale. Kwa hiyo toka mwanzo mti huu umekuwa mikononi mwetu kwa sura zake zote mbili.

Sumu yake inaitwa risini. Ilipewa jina hilo mwaka 1888 na Peter Hermann Stillmark, aliyekuwa akisomea udaktari katika mji wa Dorpat, ambao leo ni Tartu nchini Estonia. Risini ni protini. Ikiingia ndani ya chembe hai, huharibu kiwanda kidogo kinachotengeneza protini za mwili, na chembe hiyo hufa. Mpaka leo hospitali hazina dawa ya kuipinga. Mgonjwa huongezewa maji na kusaidiwa ashinde mwenyewe. Mwaka 1978 mwandishi Georgi Markov, mkimbizi kutoka Bulgaria, alichomwa mguuni kwa kidude kidogo jijini London, akafa siku nne baadaye, na inaaminika kidude hicho kilibeba risini. Hata hivyo, sumu hiyohiyo ilisaidia kuzaliwa kwa elimu kubwa. Mwaka 1891 daktari wa Kijerumani Paul Ehrlich aliwalisha panya risini kidogo kidogo, akaona wanajenga kinga dhidi yake, na majaribio hayo yakawa miongoni mwa misingi ya elimu ya kinga tunayoitegemea leo kila mtoto anapochanjwa.

Sasa itazameni kazi ya bibi kwa jicho hilo. Risini huharibiwa na joto. Bibi alikaanga, akachemsha, akarudia tena kuchemsha. Risini huyeyuka katika maji na haiyeyuki katika mafuta. Bibi alitia uji wa mbegu katika maji, akaengua mafuta peke yake, na hakuyaridhia mpaka tone la mwisho la maji limekauka. Sumu hubaki kwenye machicha, bibi aliyafukia. Sumu hushika kwenye chombo. Bibi alikuwa na kinu cha pekee, nacho kina chale. Hakuwahi kusikia neno protini. Lakini katika hatua zake zote sioni hata moja isiyokuwa na sababu. Mwenye kuiita kazi hiyo ushirikina anatukana akili. Na mwenye kusema "ni ya asili, haina madhara" anamtukana bibi maradufu, kwa maana kama haina madhara, lile jasho la siku mbili lilikuwa la nini?

Hapa mkoani Ruvuma tunao ushahidi mwingine wa jambo hili, tena wa chakula tunachokijua sote. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Mama zetu huumenya, huuloweka au kuuvundika, huuanika siku kadhaa, ndipo huusaga. Ukifuata hatua zote unapata ugali. Mwaka wa ukame, njaa inapobisha hodi, watu hufupisha siku za kuloweka na kuanika. Ndipo unapokuja ugonjwa wa konzo: mtu aliyelala mzima huamka miguu imekaza, na ulemavu huo hudumu maisha yake yote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliripoti ugonjwa huo Mtwara na hapa jirani, Mbinga. Muhogo ulikuwa uleule wa siku zote. Kilichopungua ni siku za kuuandaa. Na kama chakula cha kila siku hutulipiza hivyo tunaporuka hatua, itakuwaje kwa dawa?

Huku kuruka hatua ndiko ninakokuona kila kona. Siku hizi mafuta ya nyonyo yamepanda chati. Yanauzwa kwenye maduka ya vipodozi, kwenye vibanda vya dawa za asili, mikononi mwa wamachinga, kwa ajili ya nywele, nyusi, ngozi na choo kigumu. Mengi hayana neno lolote kwenye chupa zaidi ya jina. Nani aliyapika, lini, kwa njia gani, hakuna anayesema. Mbaya zaidi ni mbegu zenyewe. Nimemsikia kijana akimshauri mwenzake atafune "punje mbili tatu" badala ya kunywa mafuta, eti ndiyo dawa halisi isiyochakachuliwa. Ushauri huo ni hatari ya kifo. Mbegu ikimezwa nzima inaweza kupita tumboni na ganda lake gumu bila kuachia sumu; ikitafunwa, sumu huachiwa. Punje chache zinatosha kumuua mtoto. Dalili zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, hata siku nzima, kisha kukafuata kutapika, kuhara pengine kwa damu, na mwili kukaukiwa maji. Mtoto aliyetafuna mbegu hizi apelekwe hospitali hapohapo, hata kama bado anacheza, na mzazi abebe jani au mbegu iliyobaki ili daktari ajue anapambana na nini.

Halafu lipo suala la majina. Jina mbono katika sehemu nyingi ni mbarika. Lakini mbono kaburi ni mti mwingine, ule ambao katika miaka ya 2000 makampuni yalikuja kuulima Kisarawe na Kilwa kwa matumaini ya kupata mafuta ya mitambo. Nao una sumu yake, na mafuta yake hayaliwi. Mtu akitumwa mbono na akaleta mbono kaburi, jina limefanana lakini safari ya mgonjwa imebadilika. Upo mfano mwingine unaonitisha zaidi. Mugariga, kichaka kilichojulikana nchi nzima mwaka 2011 kwa sababu ya kikombe cha dawa cha Samunge, Loliondo, kina maua meupe yenye harufu tamu na majani magumu yanayokabiliana mawili mawili. Msungu, ambao wawindaji wa Afrika Mashariki wametengenezea sumu ya mishale kwa vizazi, una maua meupe yenye harufu tamu na majani magumu yanayokabiliana mawili mawili. Ni miti ya ukoo mmoja. Mugariga una miiba, msungu hauna. Kati ya dawa na sumu ya kumwangushia mnyama mkubwa, mpaka ni mwiba. Mzee anayejua kuutazama mwiba huo ni maktaba. Kijana aliyetumwa porini na simu yenye picha moja ya ua, hapana.

Sitaki kulipita hivihivi jambo la wajawazito, maana hapo ndipo ninapoumia zaidi. Mafuta ya nyonyo yamejulikana tangu kale kuharakisha uchungu wa uzazi. Wakunga wetu waliyajua, na wakunga wa nchi nyingine za mbali waliyajua. Yanalegeza tumbo, na yanaweza pia kuuchochea mfuko wa uzazi ujikaze. Hospitali nayo ina dawa ya kuongeza uchungu, inayotolewa kwa dripu, tone kwa tone, nesi akihesabu. Mama akinywa dawa ya nyumbani asubuhi, akaficha, kisha mchana akawekewa dripu, mfuko wa uzazi unasukumwa na nguvu mbili, na mmoja tu wa waliozitoa ndiye anayejua kwamba zipo mbili. Mtoto anaweza kukosa hewa. Mfuko unaweza kupasuka.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hakuna mahali methali hiyo inapogusa ukweli kama hapa. Lakini tujiulize kwa nini mama anaficha. Binti mmoja wa ukoo wetu alinisimulia kwamba alipofika kujifungua, kabla hajaulizwa jina, aliambiwa kwa ukali kuwa wanaokunywa mizizi watajua wenyewe. Alikuwa amekunywa. Akanyamaza. Mungu alimsaidia, yeye na mwanawe wako salama. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, alinijibu: "Ningesema nini, mjomba, wakati hukumu imeshatolewa?" Ukali ule haukumzuia mtu kunywa mizizi, maana mizizi ilikuwa imeshanywewa. Ulichozuia ni yeye kufungua mdomo.

Na mji wetu wa Songea, kuliko mji mwingine wowote nchini, unapaswa kuwa wa kwanza kulisema jambo hili, kwa kuwa hapa historia yenyewe ilipitia kwenye dawa. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kule Umatumbini, baada ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe kugawa maji yaliyoaminika kuwa kinga ya risasi. Kuhusu kilichokuwa ndani ya maji hayo, simulizi hazifanani: nyingine hutaja maji na nafaka, mahindi au mtama, na waandishi wengi wameongeza mafuta ya mbarika. Kichaka kilekile cha nyuma ya nyumba ya bibi. Kinjikitile alinyongwa Agosti 4, 1905, lakini maji yalikuwa yameshatoka. Wajumbe walioitwa mahongo waliyabeba kwa miguu kutoka jamii hadi jamii, na huku Ungoni simulizi humtaja Omari Kinjala kuwa ndiye aliyeyafikisha kwa Nkosi, yaani chifu, Chabruma.

Siwezi kuwacheka watu wale, na simruhusu mtu awacheke mbele yangu. Hawakupigana kwa kudanganywa na maji. Walipigana kwa sababu ya kodi, kazi za shuruti, viboko na mashamba ya pamba yasiyowalisha. Maji yaliwapa kitu ambacho hakuna bunduki ingeweza kuwapa: yaliwafanya Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni wajione watu wa upande mmoja. Kwa kazi hiyo, maji yalifanya kazi. Kwa kazi ya kuzuia risasi, hayakufanya. Agosti 30, 1905, bunduki za rashasha pale boma la Mahenge ziliwafyeka watu waliokwenda mbele wakiamini. Na maji yale yalikuwa na miiko: usipore, usilale na mwanamke. Aliyeanguka ilisemwa kavunja mwiko. Hapo ndipo moyo wangu unaposimama kila ninapoisoma habari hiyo. Dawa ambayo ikishindwa kosa ni la mgonjwa daima haiwezi kupimwa, na dawa isiyoweza kupimwa haitakuambia mpaka wake uko wapi mpaka uwe umeshauvuka.

Februari 27, 1906, Wajerumani waliwanyonga mashujaa zaidi ya 60 hapa mjini, akiwemo Nkosi Mputa Gama. Nduna, yaani kiongozi wa vita, Songea Mbano, ambaye mji huu unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Kisha ikaja njaa ya makusudi, maghala yakichomwa na mashamba yakiteketezwa. Wanahistoria wanakadiria kwamba vita na njaa hiyo viliua watu kati ya 75,000 na 300,000. Novemba 1, 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji na kuomba msamaha, na ukoo wa Mbano bado unalisubiri fuvu la babu yao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Deni hilo ni la Wajerumani, na walilipe. Lakini lipo deni letu wenyewe kwa wale waliolala pale: kuwa watu ambao hawatapokea tena dawa yoyote, ya kienyeji au ya kigeni, bila kuuliza inaweza nini, haiwezi nini, na kipimo chake ni kipi.

Hata Samunge tungeuliza hivyo. Marehemu Mchungaji Ambilikile Mwasapile, aliyekuwa akikitoa kikombe kile, alitoza shilingi 500 tu, na sina neno baya juu ya nia yake. Ila kikombe kimoja kiliombwa kitibu kisukari, saratani, presha na Ukimwi kwa pamoja, magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wapo walioacha dawa zao za hospitali. Tangu vita vya Majimaji hadi Samunge ni zaidi ya miaka mia moja, na bado tulikimbilia kikombe kabla ya kuuliza.

Wapo watakaosema kwamba nikidai dawa zipimwe, ninaikabidhi hazina yetu kwa wazungu. Hoja hiyo ina uzito, na nina mfano wake wa karibu. Katika safari za David Livingstone bonde la Zambezi kati ya 1858 na 1864, daktari wake John Kirk alikusanya sumu ya mishale iliyoitwa kombe, inayotoka kwenye kichaka kinachotambaa chenye maua ya ncha ndefu kama mikia. Mswaki wake ulishika chembe za sumu hiyo mfukoni, na alipousugua mdomoni akahisi uchungu na kuona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alitoa taarifa. Kule Edinburgh daktari Thomas Fraser akaichambua. Na sumu ya wawindaji wa maeneo ya Ziwa Nyasa ikawa dawa ya moyo Ulaya. Jina la Kirk limeandikwa. La Fraser limeandikwa. La mwindaji aliyejua mti upi, sehemu ipi ya mti na kiasi gani, halimo popote.

Ninayachukua maumivu hayo kwa uzito, ila yananipeleka kwenye jibu tofauti. Mwindaji yule alipotea kwa sababu elimu yake iliandikwa na mtu mwingine. Tusipoiandika sisi, ama ataiandika mwingine, ama haitaandikwa kabisa. Njia ya kufanya hivyo tumeshawahi kuifanya. Mwaka 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitawanyika vijijini kukusanya simulizi za Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Mwaka uliofuata, Mapunda na Mpangara wakachapisha kitabu chao juu ya vita hivyo hapa Ungoni. Kufikia 1968, miaka 63 ilikuwa imepita tangu vita vianze. Kama wangechelewa miaka 20 zaidi, wangekuta makaburi. Leo wanaojua kupika nyonyo kwa njia ya bibi wana umri wa wale wazee wa 1968.

Kwa hiyo ninaomba mambo manne, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

La kwanza, shule za sekondari za mkoa huu ziwatume wanafunzi wa baiolojia nyumbani kwao wakati wa likizo, kila mmoja na daftari, wakaandike kwa bibi na babu zao mti mmoja mmoja: majina yake yote, mti unaofanana nao, sehemu inayotumika, hatua za kuandaa, na nani asiutumie. Jina la mzee na la kijiji chake liandikwe juu ya ukurasa. Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Muhimbili, ambayo imekuwa ikitafiti mimea hii kwa miongo kadhaa, ingepata kazi iliyoanzishwa na wenye mali.

La pili, kila mjamzito na kila mgonjwa aulizwe hospitalini kwa upole: "Umeshatumia nini nyumbani?" Aulizwe kama anavyoulizwa amekula saa ngapi. Nesi anayepokea jibu hilo bila kukunja uso ameshaokoa maisha nusu.

La tatu, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu 2002, na Baraza lake lipo. Lisajili waganga, ndiyo, lakini chupa nazo ziseme. Kila chupa ya mafuta ya nyonyo iandikwe aliyeyatengeneza, namna yalivyotengenezwa, na onyo kwa wajawazito na watoto. Mbegu mbichi zisiuzwe kama dawa ya kutafuna.

La nne, kwenye viwanja vya Makumbusho ya Majimaji ioteshwe bustani ndogo iliyozungushiwa uzio, yenye mbarika, mbono kaburi, muhogo mchungu na kombe. Mtoto anayekuja kuona sanamu za manduna apitishwe hapo pia. Aambiwe: hiki kilikuwa katika maisha yao, kiliponya, na kiliweza kuua, na hivi ndivyo walivyokuwa wakikitofautisha.

Bibi alifariki nikiwa mbali kikazi. Niliporudi kwenye arobaini nilikuta vyombo vyake vimeshagawanywa, kila mtu kachukua chake. Kinu kifupi cheusi kilikuwa kimekwenda na mke wa binamu yangu, bibi harusi aliyeolewa kutoka Iringa, asiyejua chochote kuhusu nyuma ya nyumba ile. Alikuwa amekisugua kikatakata, akamwaga humo mahindi ya makande. Shangazi yangu mkubwa alikuwa akipita kwenda kisimani. Akasimama. Akaupitisha mkono wake kwenye ukingo, akazipapasa zile chale mbili, akayamwaga mahindi yote chini bila kusema neno. Ndipo akamwita yule binti, akaushika mkono wake, akauweka pale juu ya chale ili naye azipapase, akaanza kumweleza.